Homeopathia na Mafua ya 1918: Takwimu Zilizokosa Kundi la Tatu

Katika maandishi ya watetezi wa homeopathia kuna takwimu mbili ambazo zimerudiwa kwa miaka 100 na zaidi. Ya kwanza ni 28.2, ya pili ni 1.05. Mwaka 1921 Daktari T. A. McCann wa Dayton, Ohio, aliwaeleza wenzake wa Taasisi ya Homeopathia ya Marekani kwamba katika janga la homa ya mafua la 1918, wagonjwa 24,000 waliotibiwa na madaktari wa kawaida walikufa kwa kiwango cha asilimia 28.2, ilhali kati ya wagonjwa 26,000 waliotibiwa kwa homeopathia waliokufa walikuwa asilimia 1.05 tu. Hesabu ya upande wa homeopathia ilikuwa imekusanywa na W. A. Pearson, mkuu wa chuo cha udaktari cha Hahnemann mjini Philadelphia, aliyepokea taarifa za wagonjwa 26,795. Willis Dewey wa Michigan naye alikusanya shuhuda za madaktari wapatao 50 wa shule hiyo, karibu wote wakisema jambo lile lile: tumetibu mamia, tumezika wachache. Mtu akiziamini takwimu hizi zilivyo, katika idadi sawa ya wagonjwa, kwa kila mmoja aliyekufa mikononi mwa homeopathia, karibu 27 walikufa mikononi mwa wengine. Wapinzani wamezoea kuzifutilia mbali kwa kusema ni uongo mtupu. Naona pande zote mbili zimezisoma vibaya. Madaktari wale, kwa sehemu kubwa, waliandika walichokiona. Kilichokosekana ni kundi la tatu la wagonjwa, na bila kundi hilo hakuna aliyeweza kujua alichokuwa anakiona.

Ili kuelewa kwa nini takwimu hizi zilikusanywa kwa bidii kiasi kile, ni lazima kurudi nyuma. Samuel Hahnemann, aliyezaliwa Meissen huko Saksonia mwaka 1755, alisomea udaktari katika zama ambazo mgonjwa alitolewa damu, akatapishwa, akaharishwa na kupewa zebaki, na mara nyingi nguvu zake ziliisha kwa tiba kabla ya kuisha kwa maradhi. Aliichukia kazi hiyo hata akaiacha kwa muda na kuishi kwa kutafsiri vitabu. Mwaka 1790, akiwa anatafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen, alijaribu gome la mkwinini katika mwili wake mwenyewe na kuhisi dalili alizoziona kuwa zinafanana na homa ambayo gome hilo huitibu. Kutokana na hapo akajenga kanuni kwamba kinacholeta dalili kwa mtu mzima wa afya kinaweza kuziondoa kwa mgonjwa. Aliitangaza mwaka 1796 na kuifafanua katika kitabu chake, Organon, mwaka 1810. Kwa kuwa vitu vingi alivyovitumia vilikuwa sumu, alianza kuvizimua: tone moja katika matone 99 ya alkoholi, chupa ikatikiswa kwa kugongwa juu ya kitabu chenye jalada la ngozi, kisha tone moja la mchanganyiko huo katika matone mengine 99, na kuendelea hivyo hata mara 30. Ikifika mara ya 12 hivi, kwa hesabu za kemia, hakuna tena molekuli ya dawa ya mwanzo inayotarajiwa kubaki katika tone. Hahnemann aliamini kwamba kuzimua na kutikisa kunaiongezea dawa nguvu.

Marekani iliipokea shule hii kuliko nchi nyingine yoyote ya wakati ule. Hans Burch Gram aliileta New York mwaka 1825. Taasisi ya Homeopathia ya Marekani iliundwa mwaka 1844, miaka mitatu kabla ya Chama cha Madaktari cha Marekani, na kufikia mwaka 1900 kulikuwa na vyuo 22 vya udaktari vilivyoifundisha, pamoja na hospitali na majarida yake. Madaktari wake walikuwa wasomi wenye shahada, waliojua anatomia na upasuaji kama wenzao, ingawa chama cha madaktari wa kawaida kiliwakataza wanachama wake kwa miaka mingi kushauriana nao juu ya mgonjwa. Kisha mambo yakageuka. Maabara zilianza kuonyesha vijidudu vya maradhi, na mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner kuhusu vyuo vya udaktari ilivishusha hadhi vyuo visivyokuwa na maabara wala hospitali za kufundishia. Vingi vikafungwa au kubadili mtaala. Chuo cha udaktari cha Boston, kilichofundisha homeopathia tangu 1873, kiliiacha mwaka ule ule wa 1918. Kwa hiyo janga lilipofika liliikuta shule iliyokuwa inapigania uhai wake. Wagonjwa wachache waliokufa walikuwa habari njema kwa daktari aliyewatibu, na pia ushahidi wa mwisho ambao shule nzima ingeweza kuupeleka mbele ya umma. Mwenye kesi ya namna hiyo hukusanya ushahidi kwa shauku, na shauku huchagua hata pale mtu asipokusudia kudanganya.

Tuwatazame kwanza wakiwa kazini, kwa sababu jibu la swali letu liko hapo kwa sehemu. Daktari wa homeopathia hakutibu mafua. Alimtibu mtu aliyelala mbele yake, kwa dalili zake mwenyewe. Mgonjwa mzito, mwenye kope zinazoanguka, asiyetaka kusemeshwa, anayehisi baridi ikipanda na kushuka mgongoni wala hana kiu, huyo alipewa Gelsemium, mmea wa manjano wa kusini mwa Marekani ambao ndio uliotajwa zaidi katika shuhuda za Dewey. Anayeumia kwa kila mjongeo, aliyebana kifua kwa mkono kila akikohoa na kunywa maji mengi kwa mkupuo, alipewa Bryonia. Anayelia kwamba mifupa inavunjika alipewa Eupatorium, mmea ambao wakulima wa Marekani walikuwa wakiuchemsha kwa homa tangu zamani. Aliyejaa wasiwasi usiku wa manane, mwenye kiu ya kunywa kidogo kidogo, alipewa Arsenicum. Kuzitofautisha dalili hizi kulihitaji kukaa kando ya kitanda, kuuliza, kusikiliza, kurudi kesho kuona kama sura ya ugonjwa imebadilika. Katika majira ambayo nyumba nyingi hazikupata daktari kabisa, mgonjwa wa homeopathia alipata mtu aliyemtazama vizuri, aliyemwamuru alale, anywe maji na asiinuke mapema. Na muhimu kuliko yote kwa hoja yangu, hakupewa kitu chenye uzito wa kumdhuru.

Upande wa pili hali ilikuwa tofauti. Wimbi la pili la mafua lilipiga kambi ya jeshi ya Devens, Massachusetts, mwanzoni mwa Septemba 1918, na kwa wiki chache likasambaa nchi nzima. Philadelphia iliruhusu gwaride la kuuza hati za mkopo wa vita tarehe 28 Septemba, watu wapatao 200,000 wakajazana barabarani, na katika wiki zilizofuata mji huo ulizika zaidi ya watu 12,000. Hakuna aliyejua kirusi cha mafua. Vitabu vilisema chanzo ni bakteria aliyeelezwa na Richard Pfeiffer mwaka 1892, na chanjo zilizotengenezwa kwa haraka kutokana na bakteria huyo hazikuweza kukizuia kirusi. Kirusi chenyewe kilitengwa kwa binadamu mwaka 1933, mjini London, na Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw. Wakiwa gizani hivyo, madaktari walitumia kila walichokuwa nacho: kwinini, kalomeli yenye zebaki, wiski, mafuta ya kafuri, morfini, strikinini, na hata kutoa damu. Zaidi ya vyote walitumia aspirini. Hataza ya kampuni ya Bayer nchini Marekani ilikuwa imekwisha mwaka 1917, kila kiwanda kikawa huru kuitengeneza, na vitabu vya tiba vya wakati ule vilipendekeza dozi za gramu 8 hadi 31 kwa siku. Leo mtu mzima hukatazwa kuzidisha gramu 4. Gramu 31 ni zaidi ya vidonge 60 vya kawaida kwa siku moja. Mwaka 2009 daktari Karen Starko alionyesha kwamba dozi kubwa za namna hiyo hujaza maji kwenye mapafu na kumfanya mtu aheme juu juu, dalili ambazo mwaka 1918 zingechukuliwa kuwa ni mafua yenyewe.

Sasa turudi kwenye 28.2. Njia nyepesi ya kuipima ni kuiuliza ingekuwaje kama ingekuwa kweli kwa nchi nzima. Idara ya Afya ya Umma ya Marekani haikuridhika na taarifa za hospitali. Wade Hampton Frost na Edgar Sydenstricker walipeleka watu wa kuandikisha kubisha hodi nyumba kwa nyumba katika miji kadhaa, kuanzia ile ya Maryland, wakiuliza juu ya kila mtu wa nyumba: ameugua tangu Septemba au la, aliugua lini, alipata kichomi, alipona au alikufa. Walihesabu zaidi ya watu 100,000, wakiwamo waliougua wakalala siku tatu na kuamka bila kuonana na daktari yeyote. Walikuta kwamba watu wapatao 28 katika kila 100 waliugua, na kwamba kati ya wagonjwa 100 waliokufa walikuwa chini ya mmoja katika mji uliopona vizuri zaidi na watatu hivi katika mji ulioumia zaidi. Marekani ilikuwa na watu milioni 103 hivi. Asilimia 28 ya hao ni wagonjwa karibu milioni 29. Kama asilimia 28.2 ya wagonjwa wangekufa, nchi ingezika watu milioni nane. Makadirio yanayokubalika ni 675,000. Na kwa kuwa wagonjwa wengi mno walitibiwa kwa njia za kawaida au hawakutibiwa kabisa, takwimu ya McCann haiwezi kuwa kiwango cha vifo cha watu waliougua mafua wakatibiwa kwa kawaida.

Basi ni kiwango cha nini? Inalingana vizuri na kitu kingine ambacho kimejaa katika kumbukumbu za wakati ule. Katika kambi za jeshi na hospitali za miji mikubwa, mgonjwa ambaye mafua yake yalikwisha kugeuka kichomi alikuwa na hatari ya kufa ya robo, theluthi, wakati mwingine zaidi. Kufikia Oktoba 1918 hospitali hazikupokea kila mwenye mafua, maana vitanda vilikuwa vimejaa hadi kwenye korido. Zilipokea walioanza kugeuka rangi ya bluu midomoni. Kuwahesabu hao kama "wagonjwa wa mafua waliotibiwa kwa kawaida", kisha kuwaweka kando ya mkulima wa Connecticut aliyetibiwa nyumbani kwake siku ya kwanza ya homa, ni kulinganisha waliokwisha kuzama na walioloa miguu. Sidhani McCann alibuni namba zake. Nadhani alichukua hesabu ya hospitali akaiita hesabu ya ugonjwa, kosa ambalo lingeonekana papo hapo kama angepiga hesabu ya nchi nzima.

Ile 1.05 nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, haishangazi kama inavyoonekana. Iko karibu kabisa na matokeo ya miji iliyopona vizuri katika uchunguzi wa Frost, miji ambayo watu wake walitibiwa na kila aina ya tabibu na wengine na ndugu zao tu. Ni kweli kwamba iko chini ya wastani wa nchi, ambao kwa hesabu niliyotoa unakaribia asilimia 2.3, na tofauti hiyo inastahili maelezo. Sehemu ya maelezo ni nani aliyekuwa mteja wa homeopathia. Shule hii kwa muda mrefu ilipendwa na watu wa kipato cha kati na cha juu wa mijini, wenye nyumba zenye madirisha, watu wa kuwauguza na uwezo wa kulala kitandani bila kufukuzwa kazi. Sehemu nyingine ni nani aliyeandika. Pearson na Dewey waliwaomba madaktari wa shule yao wapeleke matokeo, na daktari aliyepoteza wagonjwa wengi hana haraka ya kushika kalamu. Kisha kuna suala la mgonjwa anayezidiwa: familia ikimpeleka hospitali siku ya tano, na akafia huko, kifo chake kinaingia katika daftari la hospitali ilhali kupona kwa dada yake kunabaki katika daftari la daktari wa nyumbani. Kila moja ya mambo haya lilisukuma namba upande mmoja.

Mtetezi makini wa homeopathia ana jibu hapa, na ni jibu zito kuliko yale yanayosikika kwa kawaida. Atasema kwamba hili halikutokea mara moja tu. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoliteketeza eneo la Soho, London, hospitali ya homeopathia iliyokuwa Golden Square, hatua chache kutoka Broad Street ambako daktari John Snow alikichunguza kisima maarufu, ilipoteza asilimia 16.4 ya wagonjwa wake wa kipindupindu. Katika hospitali za kawaida za jirani zaidi ya nusu walikufa. Bodi ya Afya ya Uingereza iliziacha takwimu hizo nje ya ripoti yake, hadi Bunge lilipodai mwaka 1855 zichapishwe. Hapa mtetezi ana haki ya kulalamika, nami nalalamika pamoja naye: kuficha namba kwa sababu zimetoka kwa mtu usiyemkubali ni aibu kwa sayansi, na tendo lile liliacha shaka ambayo haijafutika hadi leo. Wagonjwa wenyewe walikuwa 61 tu, lakini pengo ni kubwa, na siamini linatokana na bahati pekee. Ikiwa katika Soho ya 1854 na Philadelphia ya 1918 wagonjwa wa homeopathia walikufa wachache, je, si akili kusema kwamba dawa zao zilifanya kazi?

Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana Vienna, tena kwa kuchochewa na homeopathia yenyewe. Katika miaka ya 1830 na 1840 daktari Wilhelm Fleischmann aliendesha hospitali ya homeopathia katika kitongoji cha Gumpendorf, na vifo vya kichomi katika wodi zake vilikuwa vichache kuliko vya hospitali nyingine za mji huo. Madaktari wa Vienna wangeweza kubishana milele kama ni dawa za Fleischmann au ni udanganyifu. Joseph Dietl alifanya jambo jingine. Aliwagawa wagonjwa wake 380 wa kichomi katika makundi matatu: 85 walitolewa damu kama desturi ilivyotaka, 106 walipewa dawa ya kutapisha yenye antimoni, na 189 hawakupewa tiba yoyote ila chakula na uangalizi. Alichapisha matokeo mwaka 1849. Katika kundi la kwanza walikufa mmoja kati ya watano hivi, na katika kundi la pili asilimia 20.7. Katika kundi ambalo halikufanyiwa kitu, walikufa asilimia 7.4. Hilo ndilo kundi la tatu ninalolisema. Lilipokuwapo, siri ya Gumpendorf ilifunuka: Fleischmann aliwaokoa watu kweli, lakini aliwaokoa kwa kutowatoa damu. Matone yake hayakuwa na kazi ya kufanya, kwa sababu kazi ilikwisha kufanyika pale kisu cha kutolea damu kilipowekwa kando. Gawio la Dietl halikuwa la kubahatisha kama majaribio ya leo yanavyodai, na kwa hilo lina udhaifu wake, ila kama alionyesha mwelekeo usio sahihi, basi udaktari wote wa baadaye umekosea pamoja naye kuacha kutoa damu kwa kichomi.

Boston nako wazo hilo lilikuwa limejadiliwa mapema. Jacob Bigelow alitoa mwaka 1835 mhadhara juu ya maradhi yanayojiishia yenyewe, yaliyo na mwanzo, kilele na mwisho ambavyo daktari hawezi kuviharakisha. Oliver Wendell Holmes, aliyeishambulia homeopathia vikali mwaka 1842 akiiita upotofu, alirudi mwaka 1860 na kuwaambia madaktari wenzake kwamba sehemu kubwa ya dawa zao wenyewe zingefaa kutupwa baharini kwa faida ya wanadamu. Watu hawa waliona kitu ambacho 1918 kilisahaulika chini ya hofu. Mafua, hata mafua ya 1918, yalikuwa maradhi ambayo watu 97 au 98 kati ya 100 walipona. Katika maradhi ya namna hiyo kila tabibu hushuhudia kupona mchana na usiku, na kila dawa hupata mashahidi: kitunguu, wiski, kafuri shingoni, Gelsemium. Ushuhuda wa madaktari 50 hauna uzito zaidi ya ushuhuda wa mmoja kama wote wanatazama mto ule ule ukiteremka kwenda unakoelekea wenyewe.

Je, basi tiba ya kawaida ya 1918 ndiyo iliyowaua watu, na homeopathia ikaonekana bora kwa kulinganishwa nayo? Kwa sehemu, naamini hivyo, na aspirini ndiye mshtakiwa wa kwanza. Lakini hoja hii nayo ina mpaka, na wanaoishabikia wanasahau kuutaja. Bara Hindi lilipoteza watu zaidi ya milioni 10, wengi wao vijijini ambako aspirini haikuonekana. Afrika Mashariki, ambako mafua yalipitia bandari ya Mombasa na kusafiri na reli na wapagazi waliokuwa wanarudi kutoka vitani, makadirio ya waliokufa Kenya peke yake yanafika 150,000, na hakuna anayeweza kusema waliuawa na vidonge. Waliuawa na njaa ya vita, uchovu, na bakteria walioingia kwenye mapafu yaliyokwisha kuchubuliwa na kirusi. Mwaka 2008 David Morens, Jeffery Taubenberger na Anthony Fauci walichunguza sampuli za mapafu zilizohifadhiwa tangu enzi hizo pamoja na ripoti nyingi za maiti zilizopasuliwa, wakahitimisha kwamba wengi wa waliokufa walikufa kwa kichomi cha bakteria kilichofuata mafua. Dozi kubwa za aspirini ziliongeza vifo pale zilipotolewa. Hazikuwa chanzo cha janga. Kwa hiyo tofauti kati ya mgonjwa wa homeopathia na mgonjwa wa kawaida wa Marekani, baada ya kuondoa makosa ya kuhesabu, huenda ilikuwapo na ilikuwa ndogo. Namna ya haki ya kuieleza ni kusema kwamba mmoja aliuguzwa bila kudhuriwa na mwingine wakati mwingine aliuguzwa akadhuriwa.

Kuna pingamizi moja zaidi, na hulikuti kwa wanaosema homeopathia ni maji matupu. Madaktari wengi wa homeopathia wa Marekani mwaka 1918 hawakutumia dawa iliyozimuliwa mara 30. Walikuwa wamegawanyika tangu karne ya 19, wachache wakifuata vipimo vya juu alivyovisisitiza James Tyler Kent, wengi wakitumia vipimo vya chini ambavyo bado vilikuwa na dawa ya kweli ndani yake. Gelsemium isiyozimuliwa sana ni sumu halisi inayolegeza misuli na kushusha mapigo. Inawezekana kwamba baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya maumivu kutokana nayo. Nalikubali hilo, ila likikubaliwa linaiumiza zaidi homeopathia kuliko kuisaidia, kwa sababu dawa inayofanya kazi kwa kiasi kilichomo ni dawa ya kawaida, inayofuata kanuni za kawaida, na Hahnemann hahitajiki kuieleza. Tena vidonge vinavyouzwa leo kwa jina la ushindi wa 1918 karibu vyote ni vya vipimo vya juu. Mfano ulio wazi ni Oscillococcinum. Daktari Mfaransa Joseph Roy alisema kwamba wakati wa janga lile aliona katika damu ya wagonjwa vijidudu vinavyotikisika, akaviita "oscillococcus", akadai baadaye kuviona pia kwa wenye saratani na kaswende na mwishowe katika ini la bata. Hakuna mwingine aliyewahi kuvithibitisha, na kirusi cha mafua hakionekani kwa darubini aliyokuwa nayo. Dawa bado hutengenezwa kwa moyo na ini la bata, huzimuliwa mara 200 na kuuzwa duniani kote kwa mafua. Majaribio yaliyokusanywa na kupitiwa na Cochrane mwaka 2015 hayakutoa ushahidi wa kutegemewa kwamba inazuia mafua au kuyatibu.

Takwimu za 1918 hazijapumzika. Tarehe 29 Januari 2020, siku chache baada ya dunia kusikia habari za ugonjwa mpya wa Wuhan, wizara ya tiba asili ya India, AYUSH, ilipendekeza Arsenicum album iliyozimuliwa mara 30 kama kinga. Watetezi walipoulizwa ushahidi, wengi walirudi Dayton na Philadelphia. Hapa ndipo usomaji mbaya wa historia unapokuwa hatari, kwa sababu hata takwimu zile zingekuwa sahihi neno kwa neno, zililinganisha homeopathia na aspirini ya gramu 30, kalomeli na strikinini. Soho ya 1854 ililinganisha homeopathia na kutoa damu kwa mtu aliyekwisha kukauka maji mwilini. Mshindani huyo hayupo tena. Chanjo ya kwanza ya mafua iliidhinishwa kwa raia wa Marekani mwaka 1945. Penisilini, iliyogunduliwa mwaka 1928, ilianza kutumika hospitalini katika miaka ya vita vya pili, na kichomi kile kile kilichoua robo ya waliolazwa mwaka 1918 kikawa maradhi ambayo wengi hupona, wakiwahi. Kuna oksijeni, kuna vidonge vinavyopunguza kasi ya kirusi vikianzwa ndani ya siku mbili za kwanza. Mama wa Philadelphia aliyemwita daktari wa homeopathia Oktoba 1918 hakumnyima mwanawe kitu chochote ambacho kingeweza kumponya, kwa kuwa hakikuwapo, na huenda alimwepusha na madhara. Mama wa leo anayempa mwanawe matone hayo hayo na kungoja, huku mbavu za mtoto zikianza kubonyea kila anapovuta pumzi, anatumia saa ambazo mwenzake wa 1918 hakuwa nazo za kupoteza wala za kutumia.